Kigawo si kigawe

Utamsikia mtu akieleza aljebra kwa Kiswahili akidai kwamba (x+2) na (x+3) ni "vigawe" vya x²+5x+6. Hapana bwana! Hivyo ni vigawo. Irabu moja tu, na maana imepinduka. Tamati -e hutaja kinachotendwa: kiumbe ni kilichoumbwa, na kigawe ni kinachogawika. Kwa -o, kizibo huziba, nacho kigawo hugawa. Ndiyo maana 3 ni kigawo cha 6, nayo 6 ni kigawe cha 3. Mwanafunzi aliyeambiwa atafute vigawe vya x²+5x+6 ataanza kuzidisha, ilhali alitakiwa kugawa ndipo apate (x+2) na (x+3). Halafu tuseme hesabu ni ngumu? Jamani, tumevuruga lugha kwanza.