Sifa za Mfuga Fulu

Katika soko la samaki la Homa Bay, pembezoni mwa meza za mbuta aliyekatwa mapande na magunia ya omena waliokaushwa, aghalabu huonekana fungu dogo la visamaki vya miba mingi, visivyozidi sana urefu wa kiganja, ambavyo muuzaji wake, akiulizwa ni samaki gani, hujibu kwa neno moja tu kuwa ni fulu. Jibu hilo ni la haki, na mlaji hahitaji zaidi. Lakini chini ya jina hilo moja Ziwa Viktoria limekusanya jinsi za samaki zinazokadiriwa kufika mia tano na ushei, kila jinsi na meno yake, chakula chake, kina chake cha maji na rangi ya dume lake, na zilizo nyingi hazipatikani mahali pengine popote duniani. Mtu achukuaye wachache kati ya viumbe hao, akawaweka katika hodhi la kioo nyumbani kwake, akawatunza mpaka wakazaa, na akaweza kusema kwa yakini huyu ni nani na ametoka ufuko upi, anafanya kazi ambayo kwa maoni yangu yastahili heshima ile ile tunayowapa waandishi wa tarehe na wahifadhi wa nyaraka. Na insha hii nimeikusudia kumsifu mtu huyo.

Yafaa kwanza tutambue ukubwa wa jambo lenyewe. Wachunguzi wa matope ya chini ya ziwa wametudhihirishia kwamba miaka kama 15,000 iliyopita ziwa hili lilikauka, au lilikaribia kukauka kabisa, kisha likajaa tena. Na uchunguzi wa nasaba za fulu uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wazazi wao wa kale walikuwa wa koo mbili, mmoja wa upande wa Kongo na mwingine wa upande wa Naili, zilizokutana na kuchanganyika damu, na katika mchanganyiko huo ukapatikana utajiri wa maumbile uliowawezesha wajukuu kugawana ziwa zima kwa muda ambao, katika hesabu ya dunia, ni mfupi mno. Wako wanaokwangua mwani juu ya mawe; wako wanaokula vijidudu vinavyoelea; wako wanaomvunja konokono kwa taya za kooni, na wengine humng'oa katika gamba lake kwa meno ya mbele; wako wanaonyofoa magamba ya wenzao; na wako hata wanaoishi kwa kunyang'anya mayai na watoto kutoka kinywani mwa mama. Yote haya yamo katika maji tunayoyaona kila siku tukisimama juu ya vilima vya Homa.

Miongoni mwa waliotufungulia mlango wa maarifa haya, wa kutajwa mbele ni Humphry Greenwood, aliyefanya kazi Jinja katika taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyoanzishwa mwaka 1947, na ambaye mwaka 1951 aliandika juu ya mifupa ya samaki iliyogeuka mawe katika kisiwa chetu cha Rusinga, kisha kuanzia mwaka 1956 akatoa mfululizo wa maandiko ya kuwapanga upya fulu wa ziwa hili. Ustadi wake ulikuwa ustadi wa macho: kuhesabu safu za meno, kupima mwelekeo wa taya, kulinganisha upana wa paji na kina cha shavu, mpaka samaki wawili ambao mvuvi angewatia katika kikapu kimoja bila ya kufikiri wakabainika kuwa mbali kwa mwenendo na kwa maisha. Hata hivyo samaki wa makumbusho hukaa ndani ya chupa ya spiriti, na spiriti huhifadhi mfupa ikaondoa rangi. Wekundu, manjano na buluu za dume hufifia zikawa hudhurungi moja, na tabia zake hazikuingia chupani tangu mwanzo. Hapa ndipo mfuga samaki anapopata nafasi yake katika ilimu, maana kile ambacho chupa haiwezi kukihifadhi, hodhi lake linakihifadhi kikiwa hai.

Nafasi hiyo imekuwa faradhi kwa sababu ya msiba unaojulikana na kila mkazi wa pwani hii. Mbuta, samaki mkubwa alaye samaki wenzake, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, akaongezwa rasmi mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kimya kwa muda, kisha katika miaka ya 1980 akatapakaa ziwa zima. Na fulu, ambao kabla yake walikuwa takriban sehemu nane katika kumi za uzito wa samaki wote wa chini, wakawa adimu katika nyavu. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden waliokuwa wakifanya utafiti Mwanza tangu mwaka 1977, wakiwamo Frans Witte na Tijs Goldschmidt, walikuja kuhesabu viumbe na wakajikuta wanashuhudia kutoweka kwao, na hesabu za baadaye zinataja jinsi zipatazo mia mbili zilizopotea. Nasema haya bila kumdharau mbuta, ambaye amesomesha watoto wengi wa Mbita na Karungu. Lakini shukrani kwa mmoja haitufungui na deni la wengine.

Sasa niingie katika kazi yenyewe. Msingi wake wa kwanza ni maji, na asiyekuwa na subira ya maji asianze. Maji ya bomba yana klorini, nayo huunguza matamvua ya samaki, basi huachwa katika ndoo wazi mchana na usiku kabla ya kutumika; maji ya ziwa yakichotwa ufukweni huja na vimelea na uchafu wa mji; na maji ya mvua, ingawa ni safi, hayana chumvichumvi za kutosha kama yakitumiwa peke yake. Hata maji yakiwa mazuri, hodhi jipya halifai kupokea samaki wengi kwa haraka, kwa kuwa mavi ya samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu, na hapana budi bakteria wakue kwanza katika sifongo la chujio, wengine wa kuigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wa kuigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili mpaka siku ya kubadilisha sehemu ya maji. Kazi hiyo ya viumbe wasioonekana huchukua majuma kadhaa, na anayeijua huliosha sifongo lake kwa maji yaliyotoka katika hodhi lenyewe, wala halipeleki kwenye bomba. Umeme ukikatika, nao hukatika, bakteria hao hukosa hewa pamoja na samaki. Kwa hiyo mfugaji wa huku huweka pampu ndogo ya betri, hawajazi samaki kupita kiasi, na hulichagua hodhi pana kuliko refu la kwenda juu, ili uso wa maji upokee hewa kwa wingi. Lakini Mungu ametupa jambo moja ambalo mfugaji wa Leiden hulinunua kwa fedha, nalo ni joto. Maji yakiwekwa katika chumba cha nyumba ya Homa Bay hukaa karibu na joto la ziwa bila ya msaada wa chombo chochote.

Msingi wa pili ni kutambua, na huu ndio ninaouona kuwa kilele cha sanaa. Jike la fulu kwa kawaida halina madaha ya rangi, na majike ya jinsi mbili au tatu yaweza kufanana hata mwenyewe akasita. Dume ndilo linalovaa vazi la ukoo, wala halilivai kila saa. Lile lililoshindwa na wenzake hubaki na kijivu chake, na linaloshika miliki ya jiwe au shimo ndilo linalong'aa. Basi anayetaka kumjua samaki wake hulipa dume jiwe la kumiliki, huweka majike kadhaa kwa dume moja, kisha huketi na kutazama kwa siku nyingi, akiandika rangi ya pezi la mgongo, idadi ya mistari ya ubavuni, umbo la mdomo, na namna samaki anavyokula: je, anakwangua jiwe kwa mdomo ulionyooka, au anainamisha kichwa na kuvuta kwa kishindo?

Nuru nayo ina hukumu kubwa katika jambo hili. Katika miamba ya Ghuba ya Mwanza wako ndugu wawili, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya kijivu chenye ubuluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina hilo mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba jike humchagua dume wa jinsi yake kwa rangi, na kwamba wakiwekwa chini ya taa inayoficha tofauti ya rangi hizo, chaguo hilo hupotea. Tena katika mwaka 1997 waliandika kwamba mahali ambapo maji ya ziwa yamechafuka, rangi hufifia na idadi ya jinsi hupungua. Tunaokaa kando ya Ghuba ya Winam, penye udongo uletwao na mito, kinyesi cha miji na gugumaji, tunapaswa kulisoma neno hilo kwa hofu. Fulu waweza kupotea bila ya kuliwa na yeyote, kwa kukosa tu mwangaza wa kutambuana.

Yanayotokea ziwani kwa uchafu hutokea katika hodhi kwa uzembe. Fulu wa jinsi mbalimbali wakifungwa pamoja huzaana upesi, na watoto wao nao huzaa, na baada ya vizazi vichache mfugaji hubaki na samaki wazuri wasio na ukoo, ambao hakuna mtaalamu awezaye kuwarudisha walikotoka. Kwa sababu hii mwenye adabu ya kazi huweka jinsi moja katika hodhi moja, na juu ya kioo hubandika karatasi yenye mambo matatu, yaani jina la jinsi, mahali alipovuliwa, na mwaka. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wana kanuni hii hii kwa samaki bapa wa Amerika ya Kusini wa ukoo wa Pterophyllum, ambaye kwa mapezi yake marefu wamemwita malaika, naye ni jamaa wa mbali wa fulu na wa ngege, yaani tilapia wa ziwa letu. Jinsi zake zinazokubaliwa ni tatu: scalare, aliyeenea sana, altum, wa maji ya Orinoco na Rio Negro, mwenye paji linalobonyea ghafula juu ya pua, na leopoldi, asiye na mbonyeo huo, mwenye doa jeusi chini ya pezi la mgongo. Wa madukani wamezalishwa na kuchanganywa kwa vizazi vingi, kwa hiyo mfuga malaika wa porini hamtaji samaki wake bila ya kuutaja mto aliotoka, na akiukosa mto huo huona kwamba amekosa nusu ya samaki.

Kuzaa kwa fulu ni tamasha ambalo sijachoka kulitazama. Dume huchimba kishimo mchangani, hutetemeka mbele ya jike, na jike huyataga mayai machache machache na kuyachukua kinywani papo hapo. Kisha dume hulaza pezi lake la nyuma chini ya tumbo, ambalo lina madoa ya manjano yanayofanana na mayai, na jike likiyadonoa madoa hayo hupokea mbegu na mayai yaliyomo kinywani yakarutubika. Wolfgang Wickler ndiye aliyetoa fikira hiyo ya mayai ya bandia mwaka 1962. Tangu hapo mama hufunga kula kwa majuma mawili hadi matatu, kidevu chake kikiwa kimevimba, na anapowatema vifaranga huwa tayari kuwapokea tena kinywani wakitishwa na kivuli.

Insafu yanilazimisha kutaja pia mpaka wa sanaa hii. Astatoreochromis alluaudi, mvunja konokono wa ziwa letu, aliwahi kupandwa katika mabwawa kwa matumaini kwamba angewamaliza konokono waenezao kichocho. Na Greenwood alionyesha mwaka 1965 kwamba samaki huyo akikulia mahali pasipo na konokono, akalishwa vyakula laini, taya zake za kooni hukua nyembamba, na meno yale mazito ya kusaga hayatokei kama yatokeavyo ziwani. Basi hodhi laweza kulinda damu ya samaki likampotezea umbo lake, na mfugaji asiyempa alluaudi konokono wa kuvunja anafuga kiumbe aliye nusu ya alivyokusudiwa. Chakula ni sehemu ya utambulisho, sawa na rangi na mahali.

Nje ya nchi kazi hii imefanywa kwa bidii: Leiden, baadaye Uswisi, na katika nyumba za samaki za Marekani zilizopanga pamoja uzazi wa fulu tangu miaka ya 1990. Wako wafugaji wa mbali wanaowajua kwa majina samaki wa Hippo Point, Kisumu, na yule Xystichromis phytophagus wa Ziwa Kanyaboli, Siaya, wanayemwita fulu wa Krismasi, aliyesalimika pamoja na ngege wa asili kwa kuwa vinamasi vya mafunjo vilimzuia mbuta. Ninawashukuru, na ninaona uchungu kwamba mtoto wa Rusinga, ambaye amewavua fulu kwa ndoana tangu alipojua kutembea, na ambaye babake huwatumia kama chambo cha mbuta, hajapata kuwaona wakiwa na rangi zao nyuma ya kioo.

Wala hapahitajiki mali nyingi kuanza. Shule yoyote kutoka Kendu Bay hadi Sori yaweza, kwa idhini ya maafisa wa uvuvi, kuwa na hodhi moja la kioo, pampu ya betri, mawe yaliyooshwa, na kundi la alluaudi waliovuliwa mahali panapojulikana. Wanafunzi wakawaletea konokono waliozaliwa katika beseni la shule, si waliookotwa ufukweni penye kichocho, wakaandika kila wanachokiona, na wasimrudishe ziwani samaki hata mmoja aliyezaliwa humo, kwani ziwa hili limekwisha kupokea wageni wa kutosha kutoka katika mikono ya watu. Ningeanza na alluaudi kwa sababu ni mstahimilivu, ni mkubwa kidogo kuliko wenzake, na jike lake lina manjano karibu sawa na ya dume, hata jicho lisilozoea laweza kumtenga na fulu wengine; na akishajulikana yeye, zamu ya wale wagumu zaidi itafuata.