Koo Lenye Sauti Mbili: Ufundi wa Misora Hibari

Wapo waimbaji walioalikwa katika sinema kwa ajili ya jina walilokwisha kulipata. Lakini Misora Hibari, binti wa muuza samaki wa Yokohama aliyezaliwa mwaka 1937, hakuwa wa jamii hiyo, kwani kwake yeye kuimba na kuigiza ilikuwa kazi moja, na atakaye kuijua siri ya mahaba ya Wajapani kwake hana budi kuitafuta pale fani hizo mbili zilipofumwa pamoja.

Angali mdogo, waamuzi wa mashindano ya uimbaji ya shirika la utangazaji la NHK walimkataa, si kwa ubovu wa sauti, bali kwa kuwa waliona haifai mtoto kuimba nyimbo za watu wazima. Dawa ya ila hiyo ikawa ni hadithi. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 12, aliigiza mtoto wa mitaani katika filamu ya Kanashiki Kuchibue, akavikwa kofia ndefu na koti la mikia kama muungwana wa dansini. Na sauti ile ile iliyowakirihi waamuzi sasa ikawa na uhalali, maana nani angemshangaa mtoto aliyepevushwa na dhiki za vita akiimba kama mtu mzima?

Ufundi huo ulikamilika mwaka 1952 katika Ringo Oiwake, wimbo wa binti wa shamba la matufaha, ulioandikwa na Ozawa Fujio na kutiwa lahani na Yoneyama Masao kwa ajili ya mchezo wa redio, kisha ukaingia katika filamu mwaka huo huo. Mahadhi yake yamefuata nyimbo za kale za waongoza farasi wa mizigo: neno moja huvutwa kwa mawimbi, sauti ikipanda kutoka kifuani, ikikatika na kuwa nyembamba ya kichwani, kisha ikishuka taratibu bila ya mshono kuonekana. Halafu, katikati, uimbaji husita. Binti husema kwa lafudhi ya kaskazini, akimkumbuka mamake marehemu. Uimbaji urejeapo, mkatiko ule ule wa sauti, ambao mwanzoni ulikuwa pambo la mahadhi, msikilizaji huusikia sasa kama kwikwi ya kilio, ilhali mwimbaji hakubadili kitu kooni mwake.

Hibari alicheza filamu zaidi ya 150, na tarehe 11 Aprili 1988, ingawa alikuwa mgonjwa, aliimba mbele ya umati katika uwanja wa Tokyo Dome. Alifariki tarehe 24 Juni 1989, akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa tuzo ya heshima ya wananchi itolewayo na Waziri Mkuu wa Japani. Basi msomaji akiipata santuri ya Ringo Oiwake asifanye haraka kulisifu koo. Kwanza ayategee sikio yale maneno yasiyoimbwa.