Digrii saba za 2F na mlima wa Newala

Tendo lenyewe linaonekana dogo. Boliti ya kubania distribyuta inalegezwa, distribyuta inazungushwa upana wa ukucha kuelekea upande wa kuchelewa, boliti inakazwa. Injini ya 2F ya Land Cruiser ya zamani iliyokuwa ikigonga ikipanda kutoka Masasi kwenda Newala inanyamaza, mwenye gari anaridhika, fundi anapokea chake. Kazi iliyotangulia huwa safi: vali zimepimwa injini ikiwa ya moto, plagi zimesuguliwa, waya na koili vimekaguliwa. Lakini uamuzi huo wa mwisho, wa kuchelewesha moto ili kuzima mlio, ni uamuzi mbovu, na hakuna mahali mkoani Mtwara unapoumiza injini zaidi kuliko juu ya uwanda wa Makonde.

Tuutazame polepole, maana kila mtu ameuona ukifanywa na wachache wanauliza umeondoa nini. Toyota iliiwekea 2F moto wa digrii 7 kabla pistoni haijafika juu kabisa, injini ikiwa kwenye sailensi, na ikapachika kigololo cha chuma kwenye flaiwili ili fundi akione kupitia kidirisha cha nyumba ya klachi. Petroli hailipuki papo hapo. Inahitaji muda wa kuungua, na ndiyo maana cheche hutangulia, ili shindo kubwa liikute pistoni imeshaanza kushuka. Injini ikiongeza mwendo muda huo unapungua, kwa hiyo vile vyuma viwili vilivyo chini ya rota hujitanua na kuongeza digrii nyingine juu ya zile saba. Hapo ndipo hesabu ya fundi inapopotoka. Vyuma huongeza juu ya msingi aliouacha yeye. Akiushusha msingi kutoka saba hadi sifuri, hajaondoa digrii saba za mlimani peke yake. Ameziondoa pia kwenye tambarare ya Nagaga, kwenye mchanga wa Tandahimba na kwenye lami ya kuingia Mtwara. Moto unaochelewa unaendelea kuwaka vali ya eksozi ikiwa inafunguka, na joto lililotakiwa kusukuma pistoni linaishia kwenye vali, kwenye manifoldi na kwenye maji ya rejeta. Nguvu ikipungua dereva anakanyaga zaidi, petroli inakwenda, na rejeta inachemka kwenye gia ya pili, mchangani, ambako hakuna upepo wa kuipoza. Na maji hayo yanachemshwa bure Newala, mji ambao maji ya kunywa yenyewe husukumwa na pampu kutoka bondeni.

Jambo la pili ni mwinuko, na hili linasahaulika kabisa. Ukisimama Shimo la Mungu, kwenye ukingo wa uwanda pale Newala, ukatazama bonde la Ruvuma chini yako, unajua bila kipimo kwamba umepanda juu sana kutoka usawa wa bahari. Ukingo huo wa uwanda unakaribia mita 900, na kwa mwinuko huo hewa imepungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Silinda inayovuta hewa pungufu inabana mchanganyiko mwepesi, mchanganyiko mwepesi unaungua polepole zaidi, na uwezekano wa kugonga unashuka. Kwa maneno mengine, gari likipanda uwanda linahitaji moto uwahi kidogo kuliko lilivyohitaji Mtwara, na fundi anafanya kinyume chake. Toyota yenyewe ilikubali hoja hii: magari yake ya soko la Marekani yalifungwa kifaa cha kuongeza digrii kwenye nchi za juu. Ni kweli kifaa hicho kilikusudiwa miinuko inayozidi ya Newala, lakini kinaonyesha njia inaelekea wapi. Wala sisemi kila gari lisukumwe mbele. Linaloshuka Mtwara kila wiki libaki kwenye saba ya kitabu; linaloishi Newala mwaka mzima linaweza kuongezewa digrii moja au mbili likapumua.

Najua jibu litakaloletwa: petroli yetu mbaya. Limekuwa na ukweli ndani yake. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ulikithiri hapa nchini hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mafuta ya taa kweli hushusha oktani. Petroli ya kwenye chupa za barabarani haina wa kuidhamini hata leo. Lakini 2F inabana kwa uwiano wa 7.8 kwa 1 tu. Ilichorwa kwa nchi zenye petroli duni, na petroli safi ya kituoni leo inaitosha na kubaki. Tangi moja likichafuka, dawa ni kulimwaga, au kupanda taratibu mpaka liishe, si kuipa injini kilema cha kudumu. Wengine hulaumu kuondolewa kwa risasi, ambayo ilitoka kwenye petroli ya Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwaka 2006. Hoja hiyo inawarudi. Kilichopotea pamoja na risasi ni kinga ya viti vya vali za eksozi, na fundi anayechelewesha moto anazichoma vali hizo hizo.

Basi mlio unatoka wapi? Mara nyingi unatoka ndani ya distribyuta ambayo haikufunguliwa. Vispringi vya vile vyuma vimechakaa kwa miaka arobaini. Vimelegea, na vyuma vinajitanua mapema, mzunguko ukiwa mdogo na mzigo mkubwa, yaani pale pale mlimani. Vispringi vipya vinamaliza tatizo bila kugusa msingi. Au vyuma vimekwama kwa kutu vikiwa vimejitanua, na moto unawahi kupita kiasi hata kwenye sailensi. Au kabureta inavuta hewa ya wizi kwenye gasketi, mchanganyiko umekuwa mkavu. Au kuna masizi juu ya pistoni. Au dereva anang'ang'ania gia ya tatu pale panapotaka ya pili, na hapo hakuna spana itakayomsaidia. Wala siwezi kuupita mpira wa vakyumu, unaotumia mvuto wa kabureta kuongeza digrii, na ambao umezibwa kwa skrubu katika magari mengi mno. Anayeuziba anadhani anazuia kugonga. Lakini mlimani kabureta imefunguka wazi, mvuto umeisha, na vakyumu haiongezi digrii hata moja. Kuuziba hakuzuii kitu pale, kunaongeza tu ulaji wa petroli kwenye tambarare. Na pointi nazo: mwanya wake ukibadilishwa, taimingi imebadilika, kwa hiyo anayeseti taimingi kwanza kisha akagusa pointi hajaseti chochote.

Waliotutangulia hawakufanya hivyo. Joginder Singh, aliyeshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Bert Shankland na Chris Rothwell waliipeleka Peugeot 404 kwenye ushindi mwaka 1966 na 1967, wakitokea Dar es Salaam. Mashindano yale yalishuka pwani na kupanda nyanda za juu za Kenya katika safari moja, na injini iliyochelewa moto isingefika. Vizazi vile, na mafundi wa karakana za misheni na za idara ya ujenzi ya serikali (PWD) waliotunza Land Rover za kusini, vilifungua kitabu kwanza. Kwenye Land Rover ya 2.25 walijua kichwa cha 7 kwa 1 na cha 8 kwa 1 havitegwi sawa, wakatazama namba ya injini kabla ya kushika distribyuta.

Watasema hawana taa ya taimingi. Haihitajiki. Balbu ya volti 12 yenye waya mbili inatosha: waya mmoja kwenye mguu wa koili unaokwenda distribyuta, mwingine kwenye bodi, swichi ya moto ikiwa imewashwa. Seti pointi kwanza, paka kigololo chokaa kionekane, zungusha injini kwa mkono kwenye mwelekeo wake mpaka kigololo kifike kwenye alama silinda ya kwanza ikiwa inabana, kisha geuza distribyuta polepole mpaka balbu iwake pale pointi zinapoachana. Kaza. Zungusha injini mara mbili kamili uhakikishe balbu inawaka pale pale. Ikiwaka mahali tofauti kila mara, shafti ya distribyuta ina mchezo, na bushi zake ndizo za kubadilishwa kabla ya jambo lingine lolote.