Kila Mzigo na Bega Lake

Jedwali lenyewe halivutii macho. Lina safu nne: kihatarishi, madhara yake, nani akibebe, na akishindwa itakuwaje. Chini ya vichwa hivyo mistari inashuka ukurasa baada ya ukurasa. Ardhi kuchelewa kupatikana. Mwamba kukutwa pale ambapo vipimo vilionyesha udongo. Shilingi kushuka. Magari kuwa machache kuliko yaliyokadiriwa. Sheria ya kodi kubadilika. Mafuriko. Mafunzo ya kusimamia miradi ya ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi yana mada nyingi, lakini mimi nimenaswa na jedwali hili, na kadiri ninavyolisoma ndivyo ninavyozidi kuwaheshimu watu wanaojifunza kulijaza vizuri.

Ubia si jambo geni kwetu. Wavuvi wa pwani wanaujua toka enzi: yupo mwenye chombo, yupo mwenye nyavu, yupo nahodha na mabaharia wake. Samaki wakishauzwa, kwanza hutolewa gharama za safari, kisha yanagawanywa mafungu: la chombo, la nyavu, na ya watu. Mara nyingi hakuna karatasi iliyotiwa saini, na bado wavu ukichanika kwenye mwamba kila mmoja anajua nani wa kushona na nani wa kununua mwingine. Wanajua kwa sababu wako pamoja leo na watakuwa pamoja kesho. Barabara, bwawa au kituo cha kusafisha maji ni safari ya miaka 20 au 30. Walioketi mezani siku ya kusaini watakuwa wamestaafu, wengine wamefariki, kampuni zimeuzwa, mawaziri wamebadilika mara nyingi. Kwa hiyo kila ambacho wavuvi wanakijua kimoyomoyo, hapa lazima kiandikwe, na kiandikwe kwa ajili ya mtu ambaye hamtaonana naye.

Kanuni inayofundishwa ni fupi: kila kihatarishi apewe yule anayeweza kukizuia, au kukibeba kwa gharama ndogo zaidi. Kuikariri ni kazi ya dakika moja. Kuitumia ndiyo inayochukua miaka. Mtumishi wa umma anayeingia darasani kwa mara ya kwanza huwa na hamu ya kumtwisha mwekezaji kila kitu, akiamini kwamba ndivyo anavyolinda mali ya wananchi. Mwekezaji hatakataa. Ataubeba mzigo na kuuwekea bei. Mpe jukumu la kuhamisha watu kwenye ardhi ambayo yeye hana mamlaka ya kuitwaa, naye ataongeza riba, bima na akiba ya dharura, na mwishoni tozo itapanda kwa jambo ambalo halmashauri ingelimaliza kwa gharama ndogo. Kinyume chake nacho kipo. Serikali ikikubali kubeba hatari ya ujenzi kuchelewa, itajikuta inalipia uzembe wa fundi ambaye haikumchagua.

Mfano ambao sichoki kuurudia ni wa Ziwa Turkana. Karibu na Loiyangalani, katika kaunti ya Marsabit, kampuni binafsi ilisimamisha mitambo 365 ya upepo, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310. Umeme wake ulikuwa na mnunuzi tayari, Kenya Power, kwa mkataba wa miaka 20. Lakini mitambo iko mbali na watumiaji, na umeme ulihitaji njia ya kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Kujenga njia hiyo kuliwekwa mikononi mwa serikali kupitia shirika lake la KETRACO. Ukiliangalia jedwali, uamuzi huo una mantiki, kwani nguzo zinapita kwenye ardhi za watu wengi, na mwenye mamlaka ya kutwaa ardhi na kulipa fidia ni dola.

Safu inayonivutia hapa ni ya nne. Na njia isipokamilika kwa wakati? Swali hilo liliulizwa mapema, na majibu yake yakawekwa kwenye mikataba. Ikiwa mitambo iko tayari na njia haipo, kampuni italipwa kwa umeme ambao ingeweza kuuzalisha. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ilitoa dhamana ya euro milioni 20 kwa ajili ya kihatarishi hicho hicho cha njia kuchelewa. Mitambo ilikamilika mwaka 2017. Njia haikuwapo. Mkandarasi wake kutoka Hispania, Isolux, alikuwa amefilisika, na fidia za ardhi zilikuwa zimesuasua. Umeme ulianza kusafiri Septemba 2018. Kwa muda wote ule wa kungoja, Kenya ilidaiwa malipo ya upepo uliovuma bure.

Wengi wameusoma mkasa huu kama ushahidi kwamba ubia ni mtego. Mimi nausoma tofauti. Jedwali halikukosea. Liliona jambo miaka kadhaa kabla halijatokea, likalitaja kwa jina, likasema nani atalipa. Kilichokosekana ni mtu wa upande wa umma mwenye cheo na bajeti ambaye kila Jumatatu asubuhi angefungua mstari ule na kuuliza: nguzo zimefika wapi? Kuujua mzigo wako ni nusu ya ufundi. Nusu ya pili ni kuujengea bega, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mafunzo mazuri hutumia muda mrefu zaidi kuifundisha.

Kabla ya kufika huko kuna hesabu. Wanaoikimbia nawaelewa, lakini nawasihi wasiikimbie. Mwanafunzi hutakiwa kulinganisha njia mbili: serikali ijenge yenyewe kwa fedha za leo, au mbia ajenge na alipwe kidogo kidogo kwa miaka mingi. Fedha za leo na za baadaye hazilingani, hivyo zote hurudishwa kwenye thamani ya leo. Shilingi 100 zitakazolipwa baada ya miaka 20, ukitumia kiwango cha asilimia 5, leo ni kama shilingi 38. Tumia asilimia 10, zinakuwa kama 15. Barabara ni ile ile, malipo ni yale yale, lakini kwa kubadilisha namba moja ubia unaonekana ghali au unaonekana wa bure. Mtu akiifanya hesabu hii kwa penseli, mwaka hadi mwaka, baadaye akiletewa taarifa yenye kurasa 300 atajua pa kuanzia. Atatafuta kwanza kiwango kilichotumika na nani alikichagua.

Sarafu nayo ina mstari wake. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilijengwa na mwekezaji kutoka China kwa mkataba wa miaka 27, akirudisha fedha zake kupitia tozo. Shilingi ya Kenya iliposhuka dhidi ya dola, tozo zilipandishwa kuanzia Januari 2024. Safu ya tatu ya mstari ule ilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa dereva. Sisemi ni jibu baya. Nasema ni jibu ambalo mtu fulani aliliandika, na inafaa awe mtu aliyefundishwa kulipima kabla ya kuliandika.

Sasa nifike kwa fundi ninayemheshimu kuliko wote, naye ni afisa msimamizi wa mkataba. Siku ya uzinduzi yeye hukaa safu za nyuma. Kazi yake inaanza wageni wakishaondoka. Anasoma taarifa za kila mwezi, anakagua kama taa zinawaka, anahesabu saa ambazo maji hayakutoka, anapunguza malipo pale mkataba unapomruhusu, na anaandika barua. Barua hizo zina ufundi wake. Kila moja inataja kifungu, kosa, tarehe, siku za kurekebisha, na hatua itakayofuata. Barua iliyoandikwa kwa hasira bila kifungu ni kelele tu. Iliyo na kifungu lakini ikafika nje ya siku zilizowekwa, imekufa.

Dar es Salaam ililipa karo ya somo hili. Mwaka 2003 huduma ya maji ya jiji ilikabidhiwa kampuni ya City Water kwa mkataba wa miaka 10. Mambo hayakwenda. Mei 2005 serikali ilitangaza kuuvunja mkataba, na mwanzoni mwa Juni viongozi wa kampuni wakaondolewa nchini. Shauri lilifika mbele ya jopo la usuluhishi la kimataifa, ambalo lilitoa hukumu mwaka 2008. Jopo liliona udhaifu wa kampuni tangu kwenye zabuni yake hadi utendaji wake. Liliona pia kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji kwa namna ilivyoiondoa. Kampuni haikupewa fidia, kwa kuwa hasara yake haikusababishwa na makosa hayo ya serikali. Nikiisoma hukumu ile nawaona watu wenye haki kuhusu mabomba makavu wakiipunguza haki yao kwa kuruka ngazi mbili tatu za kutokea. Ngazi zile ndizo zinazofundishwa leo: notisi, muda wa kurekebisha, nafasi ya wakopeshaji kuingia na kuokoa mradi, na mwisho kabisa kuvunja.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ubia mwaka 2010 na imeirekebisha mara kadhaa tangu hapo. Kenya ilitunga yake mwaka 2013 na kuibadilisha kwa nyingine mwaka 2021. Kuna pia cheti cha kimataifa cha ngazi tatu, msingi, maandalizi na utekelezaji, kilichoanzishwa kwa msaada wa Benki ya Dunia na benki nyingine za maendeleo. Vyote vinasaidia. Lakini sheria na cheti havimwandikii mtu barua ya Jumatatu.

Mada inayofundishwa mwisho, na mara nyingi watu wakiwa wamechoka, ni ya kurudisha mali. Uganda imeipitia juzi tu. Mkataba wa kampuni iitwayo Umeme wa kusambaza nishati hiyo, wa miaka 20, ulifika mwisho 31 Machi 2025, na shirika la umma la UEDCL likachukua mitambo. Hapo hapo likaibuka swali la ni kiasi gani cha uwekezaji hakikuwa kimerudi. Serikali ililipa takriban dola milioni 118, kampuni ikadai zaidi, na madai yakaelekea kwenye usuluhishi London. Kila nguzo iliyosimamishwa kwa miaka ile 20 ilipaswa kuwa na karatasi yake, na kila karatasi kuwa na mtu wa upande wa umma aliyeikagua kwa wakati.

Ndiyo maana zoezi la kurudisha mali linastahili siku nzima. Mwanafunzi anapewa mradi wa barabara wa miaka 25 na kuambiwa apange miaka mitano ya mwisho: lini unene wa lami upimwe, nani akague madaraja, kiasi gani cha malipo kizuiwe hadi marekebisho yakamilike, wafanyakazi wa umma waanze lini kujifunza mitambo. Mwenye umri wa miaka 40 anaandika kwamba mwaka wa 22 mhandisi huru atakabidhi ripoti ya madaraja, na kwenye nafasi ya mpokeaji anaweka jina lake. Anahesabu kwa vidole. Analifuta, na mahali pake anaandika cheo.