Kichwamaji na Hofu ya Mtu juu ya Akili Yake

Kiswahili ni lugha karimu kwa maradhi ya mwili. Homa ina jina lake, surua ina lake. Ndui, pumu, safura na matende kila gonjwa lina lake, na mama asiyejua kusoma huyatambua na kuyatofautisha. Maradhi ya akili hayakujaliwa ukarimu huo. Mtu asiyelala juma zima huku akicheka na kugawa mali yake, mtu ajifungiaye ndani mwezi mzima bila ya kuoga wala kula, na mtu asikiaye sauti zisizo na wenyewe, wote hukusanywa chini ya neno moja: wana wazimu. Neno hilo ni ndugu wa mzimu na kuzimu, kwa hiyo likitamkwa huwa limekwisha kutoa hukumu juu ya chanzo kabla ya swali lolote kuulizwa. Majirani zake, yaani kichaa, mwehu, punguani na majinuni, hayana huruma zaidi.

Jambo moja huyaunganisha maneno hayo yote: ni maneno ya watazamaji. Husemwa na waliosimama nje juu ya yule aliye ndani. Hakuna hata moja ambalo mtu aweza kulitumia juu ya nafsi yake kwa hadhari, pale anapoanza kushuku kwamba akili yake haimtii tena. Kusema "nina wazimu" ama ni mzaha ama ni maangamizi; katikati hapana neno. Na hapo katikati ndipo anaposimama mtu mwenye hofu, ambaye hajawa mgonjwa mbele ya watu, wala si mzima mbele ya nafsi yake. Yafaa kuuliza riwaya ya Kiswahili imempa nini mtu huyo, na hasa Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1974, ambayo imekaribia mahali pake kuliko nyingi nyingine.

Huenda ikadhaniwa kwamba swali hili ni la matabibu, wala haliwahusu wasomaji wa riwaya. Dhana hiyo haisimami mbele ya maradhi yanayoitwa baipola, yaani yale ambayo moyo hupanda kupita kiasi kwa muda, kisha hushuka kupita kiasi kwa muda mwingine. Mwaka 1899 Emil Kraepelin wa Ujerumani aliyaweka mapando na mashuko hayo pamoja kama maradhi ya jamii moja. Mwaka 1957 Karl Leonhard aliwatenganisha wanaopanda na kushuka na wale wanaoshuka tu. Na mwaka 1980 jina la baipola likaingia katika orodha rasmi ya wataalamu wa Marekani. Lakini hata leo hakuna tone la damu wala picha ya ubongo iwezayo kuyathibitisha. Damu hupimwa ili kuondoa mashaka mengine, kama vile ugonjwa wa tezi ya shingo. Yaliyosalia ni maswali. Siku zile ulilala saa ngapi, na je, uchovu uliusikia? Fedha zako zilikwenda wapi? Hali hiyo ilidumu siku ngapi? Nani katika ukoo wenu alipata kuwa hivyo? Kupanda kukali hutafutwa katika muda wa juma moja au zaidi. Kupanda kwepesi hutazamwa kuanzia siku nne.

Kwa maneno mengine, kipimo cha maradhi haya ni hadithi. Ina mwanzo na mfuatano wa wakati, ina msimulizi na msikilizaji, na ina sehemu ambazo msimulizi huzificha bila ya kukusudia. Asiyejua kuisimulia hadithi hiyo, au asiyepewa lugha ya kuisimulia, hupimwa vibaya. Basi mhakiki ana neno la kusema hapo.

Na itazamwe nchi ya Buzwagi, jirani na mji wa Kahama. Mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mahali hapo mwaka 2009, na mwaka 2021 ukaingia katika hatua ya kufungwa. Kutoka huko kwenda Bulyanhulu mpaka Geita, maelfu ya wachimbaji wadogo wamechimba maduara yao, nchi nzima ikiishi kwa tumaini la mwamba. Katika nchi ya namna hiyo utajiri haupandi ngazi; huja usiku mmoja. Mtu akeshaye siku tano shimoni, anenaye kwa kasi, akopaye kwa huyu na yule akiapa kwamba mwamba umekaribia, anunuliaye ukumbi mzima vinywaji na kununua pikipiki mbili kwa siku moja, hastaajabiwi na mtu. Husemwa ana nyota, au husemwa ni mwanamume. Mwenye mgodi mkubwa naye hufanya kazi usiku na mchana kwa zamu, na yajulikana na matabibu kwamba kukosa usingizi kwaweza kuupandisha moyo wa mtu mwenye maradhi haya.

Hivyo katika Buzwagi kupanda hakuonekani. Kumefunikwa na desturi ya mahali. Kinachoonekana ni kushuka: mtu yule yule alalapo mchana, asipoitikia salamu, asipoenda shimoni, akawa na deni kwa kila mlango. Hapo ndipo ndugu hukusanyika. Mmoja husema amerogwa na mshirika wake. Mwingine husema mizimu ya ukoo, ambayo Wasukuma huiita masamva, yadai haki yake. Wa tatu husema ni mvivu aliyechoka kutafuta. Mwenyewe hukaa kimya. Iwapo atafika hospitalini, husimulia kile kilichomleta, yaani huzuni. Siku za kukesha na kugawa fedha hazitaji, kwa kuwa katika kumbukumbu yake hazikuwa maradhi. Zilikuwa siku njema pekee alizopata kuwa nazo. Tabibu asipouliza huandika sonona, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola yaweza kumrusha juu tena. Nusu ya hadithi imezaa nusu ya uchunguzi, na nusu ya uchunguzi yaweza kuwa hatari kuliko kutochunguzwa.

Sasa na ifunguliwe Kichwamaji. Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, ndani ya ziwa lile lile ambalo Geita hulitazama, na riwaya yake ina mizizi huko. Kazimoto, kijana msomi, husimulia kwa kinywa chake mwenyewe jinsi alivyorudi kwa watu wake asipate pa kusimama, jinsi chuki na misiba ilivyofuatana, jinsi alivyooa, na jinsi mtoto alivyokuja na kichwa kikubwa cha maradhi yaliyokipa kitabu jina. Mwishoni hujiua. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama maelezo ya udhanaishi, falsafa iulizayo kama maisha yana maana, na usomaji huo una haki yake.

Lakini jina la kitabu lina fumbo ambalo usomaji wa falsafa hulipita upesi. Kichwamaji ni ugonjwa wa mtoto mchanga; kichwamaji pia ni tusi, lisemwalo juu ya mtu asiye na akili timamu. Kwa neno moja mwandishi ameonyesha tabia ya lugha yetu, ambayo huuchukua ugonjwa na kuugeuza kuwa hulka ya mtu, kisha hulka hiyo kuwa hatia yake. Huo ni ushindi mkubwa wa kitabu. Ushindi wa pili ni nafsi ya kwanza. Kabla ya msomaji kumhukumu Kazimoto kutoka nje, amekwisha kukaa ndani ya kichwa chake kurasa nyingi, na akitoka humo hawezi tena kusema neno wazimu kwa wepesi ule wa zamani.

Haifai, hata hivyo, kumfanya Kazimoto mgonjwa wa baipola. Mhusika wa riwaya hana damu ya kupimwa wala ndugu wa kuulizwa, na anayempachika jina la maradhi hufanya lile lile lifanywalo na watazamaji wa barabarani, ila kwa maneno ya kisomi. Lawama iliyo halali juu ya kitabu ni nyingine. Kazimoto hujitazama sana, lakini hamwulizi mtu. Hofu yake haina mlango wa kutokea. Huzunguka ndani mpaka humla mwenyewe. Mauti yake yameandikwa kana kwamba ni hitimisho la hoja, mithili ya jawabu chini ya hesabu, na msomaji kijana mwenye hofu kama yake aweza kufunga kitabu akiamini kwamba mtu ajitazamaye kwa unyofu hufika hapo, wala hakuna njia ya tatu. Njia ya tatu ipo. Ni kumwambia mtu mwingine.

Fasihi ya Kiswahili haikukosa kielelezo cha mtu kuongea na moyo wake. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ni mazungumzo ya namna hiyo: mshairi huuita moyo wake, huuonya na kuuonyesha magofu ya Pate ili uamke. Huo ni urithi wa thamani, kwa kuwa wafundisha kwamba mtu na moyo wake si kitu kimoja, na kwamba aweza kusimama kando akautazama. Mwenye hofu ya baipola huhitaji ustadi huo huo. Tofauti yao ni kwamba moyo wa Inkishafi una kosa, nao huitwa utubu. Moyo wa mgonjwa hauna kosa, nao huitwa utibiwe. Anayeyachanganya mambo hayo mawili humwongezea mgonjwa toba juu ya maradhi.

Kielelezo kingine ni cha karibu zaidi. UKIMWI ulipoingia, hata jina lake lilikuwa hukumu ya kifo. Baada ya miaka mingi ya nyimbo, michezo na vitabu, miongoni mwake Ua la Faraja ya William Mkufya ya mwaka 2004, watu wa Kahama na Geita walijifunza kusema "nimekwenda kupima" bila ya dunia kusimama. Sentensi hiyo ndogo ilikuwa kazi ya lugha kama ilivyokuwa kazi ya dawa. Kwa maradhi ya akili sentensi yake haijazoeleka. Hospitali ya Mirembe huko Dodoma, iliyoanza mwaka 1927, imekuwa tusi vinywani mwa watu. Kumtajia mtu Mirembe ni kumtukana.

Wapo wenye kupinga, nao wana hoja. Husema kwamba jina la kitaalamu nalo ni kifungo, na kwamba Waafrika wamekwisha kupewa majina mengi na matabibu wa kigeni. Ni kweli. J. C. Carothers, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika mwaka 1953 kitabu juu ya akili ya Mwafrika, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, akidai kwamba huzuni ya maradhi ni adimu miongoni mwa Waafrika. Lakini kosa lake halikuwa kuchunguza. Lilikuwa kuchunguza pasipo kusikiliza hadithi kwa masharti ya wenyewe. Aliona waliofikishwa hospitalini kwa nguvu kwa sababu walisumbua watu, asiwaone walioketi kimya nyumbani. Alisoma ukurasa mmoja akahakiki kitabu kizima.

Usomaji mwema hauna pupa, wala uchunguzi mwema hauna. Katika machimbo madogo ya Geita dhahabu hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa motoni, na mvuke wake huingia kifuani mwa achomaye. Sumu hiyo huleta mtetemeko wa mikono, kukosa usingizi, hasira za ghafla na mabadiliko ya tabia. Malaria kali nayo huvuruga akili. Pombe na bangi huvuruga pia. Tabibu wa Mwanza apokeaye mtu kutoka machimboni na kuandika baipola bila ya kuuliza habari za zebaki ni kama mhakiki asiyejali kitabu kiliandikwa wapi. Kwa hiyo anayeogopa hana sababu ya kuogopa maswali mengi. Maswali mengi ni heshima. Na likithibitika, jina la baipola si mlango uliofungwa. Chumvi ya lithiamu, ambayo John Cade wa Australia alionyesha faida yake mwaka 1949, hutumika hadi leo kutuliza mapando na mashuko hayo, mradi kiasi chake katika damu kipimwe mara kwa mara.

Lililosalia ni la waandishi. Riwaya ya Kiswahili imemwandika mwendawazimu wa sokoni, ambaye hupita akisema ukweli ambao wenye akili wameuogopa. Imemwandika pia, kwa mkono wa Kezilahabi, mtu ajitafunaye mpaka mauti. Haijamwandika vya kutosha mtu wa katikati: kijana wa Buzwagi apandaye basi asubuhi kwenda Bugando, mfukoni ana karatasi aliyoandika siku alizokesha na fedha alizopoteza, moyoni ana hofu mbili, ya kuambiwa ni mgonjwa na ya kuambiwa si mgonjwa. Safari hiyo haina mauti wala ushujaa wa kuimbwa, lakini ina kila kitu kihitajiwacho na hadithi. Atakayeiandika vema atakuwa amempa msomaji mmoja mahali fulani maneno ya kuanzia atakapoketi mbele ya tabibu na kuulizwa: ilianza lini?