Jinsi ya Kuipima Meza ya Vitafunio Kindu

Ukitaka kujua kama mama muuza vitafunio anaiweza kazi yake, usiende kwake asubuhi. Saa moja, mandazi ya kila mtu ni matamu. Nenda saa nane mchana, tena kwenye meza yake iliyo mbali kuliko zote. Kama anakaangia upande wa Kasuku na meza ya tatu iko Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, vuka mto ukanunue huko.

Usiling'ate andazi kwanza, lipasue kwa vidole. Ndani pawe pakavu, pana vitundu vidogo visivyolingana. Ukiona unga mbichi katikati na nje pameungua, mafuta yalikuwa ya moto mno. Vidole vikilowa mafuta, basi andazi lilitumbukizwa kabla mafuta hayajachemka. Mawese yana harufu yake nzuri. Yaliyorudiwa siku nyingi hukwaruza koo. Halafu kuna kosa ninaloliona zaidi kwa waliopanuka karibuni: ngozi laini iliyolowa maji. Mandazi yalifunikwa kwenye ndoo yakiwa bado moto, yakatoka jasho, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unasubiri. Mapishi ni yaleyale, mkono ni uleule, lakini saa ya kuamka haikubadilika meza zilipoongezeka.

Kwenye karanga sisamehi. Hewa ya Kindu ina unyevu, na karanga isiyokauka vizuri huota kuvu lenye sumu iitwayo sumukuvu, ambayo haimalizwi na kikaango. Kwa hiyo kazi ya kweli hufanyika kabla ya moto: kuchambua, kutupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi. Mimina pakiti nzima kiganjani. Ukikuta mbovu, hata chache, muuzaji amekuuzia alichopaswa kukitupa, na hilo halirekebishwi kwa kushusha bei.

Tazama pia bidhaa zenyewe. Ngano hailimwi katika mkoa wetu wa Maniema. Unga wake hutoka mbali. Mpunga unalimwa hapa tangu wafanyabiashara kutoka Zanzibar walipouleta katika karne ya 19. Mwenye meza nne zinazotegemea unga wa ngano tu, mzigo ukichelewa, hufunga zote siku moja. Mimi humpa alama za juu anayepanga pia vitafunio vya mchele, karanga na ndizi.

Sasa meza isiyo na muuzaji, ile ya ofisini ambapo mfanyakazi anachukua mwenyewe na kulipa mwenyewe. Hapa kuna funzo kutoka Washington, Marekani. Mwaka 1984 Paul Feldman aliacha kazi yake ya ofisini akaanza kupeleka mikate ya mviringo asubuhi katika maofisi, akiwaachia watu walipe wenyewe. Alianza na kikapu wazi, fedha zikapotea. Akaishia kwenye kisanduku cha mbao chenye tundu juu. Baada ya miaka michache alikuwa akihudumia kampuni 140. Hesabu zake zilionyesha kwamba ofisi ndogo hulipa kwa uaminifu kuliko kubwa. Kwa Kindu ningeshauri hivyohivyo: anza na chumba cha watu wanaojuana kwa majina kabla ya kuweka ndoo kwenye ukumbi wa jengo kubwa. Bei ziandikwe wazi, zilingane na noti watu walizo nazo mfukoni, maana palipo na shida ya chenji, deni huanza.

Mwisho omba daftari. Kila meza iwe na ukurasa wake: vilivyopelekwa, vilivyorudi, faranga zilizopatikana, madeni ya kungoja mshahara. Fedha zikichanganywa katika mfuko mmoja, meza inayolipa huificha inayokula mtaji, na mwenyewe atafungua ya tano akidhani anapanda. Anayeijua kazi, ukimuuliza jana yalibaki mandazi mangapi na yamekwenda wapi, hukujibu kabla hujamaliza kuuliza.