Mhusika huingilia miguuni

Nilipokuwa kijana nilipewa nafasi ya muuza kahawa katika igizo, hapa Tanga. Maneno yake yalikuwa machache, nikayakariri jioni moja na kujiona nimemaliza kazi. Mwalimu aliyetuongoza aliniangalia nikipita mara moja tu, akasema, "Huyo ni wewe umebeba dele. Muuza kahawa yuko wapi?"

Nikaenda kumtafuta mtaani Ngamiani.

Watu wa mji huu hawakuhitaji kuambiwa kwamba mhusika hutafutwa mitaani. Amri Athumani, ambaye nchi nzima ilimwita King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na kuanza kuigiza akiwa mtoto. Alikuwa akitokea tu, hajafungua kinywa, watu wameshaanza kucheka. Tukasema ni kipaji. Kilikuwepo, nani atabisha? Lakini yule mzee mbishi, mpenda vya bure, anayeona haya dakika moja baada ya kila mtu, hakushushwa kutoka mbinguni. Kila baraza la Tanga lina mmoja wa namna hiyo. Majuto alikaa nao, akawasoma, akawachanganya hata hakuna aliyeweza kusimama na kudai kuwa ameibiwa.

Kichekesho cha kwetu kwa kawaida hakina andiko. Mnaelezana kisa: mwenye nyumba, mpangaji asiyelipa kodi, mke aliyechoka na wote wawili. Basi. Maneno mtayakuta huko mbele. Ndiyo maana wanaodhani kazi hii haina matayarisho wananishangaza. Mwenye karatasi anaweza kujificha nyuma ya karatasi. Asiye nayo lazima amjue mtu wake mpaka anavyokohoa, kwa sababu mwenzake akimrushia neno ambalo hawakupanga, wa kujibu ni yule mzee, si yeye.

Mrusi Stanislavski alitunga kitabu kizima juu ya mwigizaji na matayarisho yake, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1936, na Bagamoyo pana chuo cha sanaa tangu 1981. Sina ugomvi na vitabu wala vyuo. Ila naamini mhusika huingilia miguuni, halafu ndipo hupanda kinywani. Mtazame mchekeshaji Hussein Mkiety wa Muheza, yule Sharo Milionea. Yeye alikuwa upande wa pili wa Majuto kabisa: kijana mtanashati, mwenye maringo, anayetembea kama ardhi inamchoma. Zima sauti ya televisheni, bado unamjua. Ajali ya gari ilimchukua huko huko Muheza, Novemba 2012. Majuto alifariki katika hospitali ya Muhimbili Agosti 2018, akaletwa Tanga kuzikwa.

Muuza kahawa wangu nilimpata jioni, akitoka barabara hii kuingia ile. Dele mkono wa kulia, chini yake makaa. Mkono wa kushoto kindoo cha maji na vikombe, viwili vya juu akivigonganisha vidoleni bila kuviangalia. Nilimfuata siku nne. Siku ya kwanza niliona vikombe tu. Siku ya pili nikaona kuwa hasimami mbele ya wateja. Husimama ubavuni, moto usiwaelekee. Siku ya tatu nikagundua kwamba hamimini mpaka kikombe kijae, na kwamba mkono unapomimina, macho yake yako kwa mteja wa pili. Siku ya nne akageuka.

"Wewe mtoto, unanidai?"

"Shikamoo babu. Hapana. Nakuigiza."

"Marahaba," akasema, akanipa kikombe na kipande cha kashata. Hakuuliza zaidi, nami nilikunywa nikitazama visigino vyake.

Usiku wa igizo alikuja. Nilimwona nyuma kabisa, karibu na mlango, kofia imeinamia paji. Nilisimama ubavuni, nikagonga vikombe, nikamimina huku nikimtazama mteja wa pili. Watu walipiga makofi kabla sijasema neno, nikavimba kichwa. Tulipomaliza nikamkimbilia nje.

"Umeonaje, babu?"

Akanishika bega la kulia, akalibonyeza kwa kidole gumba, palepale mshipa unapopita.

"Vikombe umevipata. Lakini dele lako lilikuwa tupu, mwanangu. Hili bega halikujua kitu."

Usiku wa pili nililijaza maji mpaka shingoni.